Mabati Kumi na Mawili

Daftari la baba tulilikuta ndani ya kopo la halua,
ukurasa mmoja kwa kila mwaka,
tarakimu za Kiarabu, maneno ya Kiswahili:
"Riyali moja, shilingi ngapi."

Sabini na nne: ishirini.
Na chini yake, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu:
"Deni la Bi Mafunda, Mlandege, shilingi mia tatu.
Sawa na riyali kumi na tano. Kibarua cha siku kumi. Subiri."

Akasubiri.
Alikuwa akibeba saruji Ruwi, Ruwi ingali vumbi na kamba za kupimia,
na barua mbili alizopeleka zilirudi na mihuri ya watu asiowajua.
Halafu akapata ukarani, akapata mke,
akapata Datsun ya rangi ya maziwa,
na deni likawa linakonda lenyewe
kama mgonjwa asiyetembelewa.

Themanini na sita: mia na ushei. Deni, riyali mbili na kitu.
Tisini na tatu: elfu moja na zaidi. Deni, baisa mia tatu kasoro.
Hapo akaandika, kisha akakata kwa mistari miwili
isiyotosha kuficha:
"Leo deni ni soda mbili. Nimejikuta nimefurahi."

Kuanzia hapo ni nambari tupu.
Elfu mbili. Elfu nne.
Ile sita ya mwisho imetetemeka, ina mkia mrefu.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda Ruwi mchana wa Juni,
nikapanga foleni kwenye duka la kubadilishia fedha
nyuma ya binti wa Kimeru aliyehesabu noti zake mara tatu
na kila mara zikawa zile zile.
Ubao mwekundu juu ya dirisha: riyali moja, elfu sita mia nane.
Biju wa dirishani akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia:
baisa arobaini na nne.
"Ada ya kutuma, mama, riyali moja na nusu."
Nikatoka nje. Jua likanipiga kofi.

Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyolelewa.
Ila hakuna aliyetwambia dawa hiyo hupimwa
kwa kijiko cha mwaka gani.

Mjukuu wa Bi Mafunda nilimpata kwa simu, baada ya simu nyingi.
Mwanakheri. Sauti kavu, ya mtu anayekoroga kitu jikoni.
"Mia tatu? Bibi hakutaja mia tatu hata siku moja.
Alikuwa akisema: mabati yangu.
Nasor kaondoka na mabati yangu kumi na mawili.
Kila masika akipanga sufuria chumbani, akiziita:
hii ya Nasor, hii ya Nasor, hii ya Nasor."
Kisha akacheka, wala si kwa ubaya.
"Kafa paa likivuja. Lakini sufuria tunazo."

Nikamuuliza bati la geji thelathini linauzwaje Darajani leo.
Akaniambia. Nikazidisha mwenyewe, pembezoni mwa ukurasa wa baba,
kwa kalamu ya wino:
riyali arobaini na nane. Na misumari, hamsini.

Leo nimerudi dirishani.
Biju anauliza sababu ya kutuma, lazima kisanduku kijazwe.
Msaada wa familia? Zawadi? Ada ya skuli?
Namwambia: mabati.
"Nitaandika msaada."
Usiandike msaada.
Ananitazama. Foleni nyuma yangu inakohoa.
Ubao unapepesa, nane inageuka saba,
kidole chake kinaelea juu ya kitufe,
nami, binti Nasor, nahangaika na Kiarabu changu,
natafuta neno la tone
linaloangukia sufuria usiku.