Damu Haitaki Maji ya Moto

Wasila kafungua kompyuta ya kuazima juu ya meza ya chakula,
kasogeza pembeni sahani ya mihogo.
"Ami, tuanze. Jina kamili."
Machano Shaame Mcha. Hilo halikunishinda.
"Umri?"
Arubaini kasoro miwili.
"Kasoro haimo humu. Sema nambari."

Tukafika pale penye UZOEFU WA KAZI,
kidole chake kikasita hewani
kama nzi anayechagua pa kutua.
"Miaka kumi na minne hotelini. Tuandike nini?
Maana hawa wanataka muuguzi."

Andika dobi.
"Ami!"
Andika dobi, Kiwengwa, chumba cha nyuma chenye mashine tatu,
moja mbovu tangu mwaka ule wa mvua kubwa.

Akaandika: "Msimamizi, Idara ya Usafi wa Vitambaa."
Nikasoma mara mbili. Nikamtafuta mtu huyo
katika mikono yangu hii iliyochujuka kwa dawa.
Sikumuona. Futa, nikamwambia.

"Basi nambie, kule ulijua nini?"

Najua damu haitaki maji ya moto.
Ukiimwagia ya moto inang'ang'ania, inakuwa mali ya shuka milele.
Yataka maji baridi, chumvi, na mtu asiye na haraka.
Najua doa la mvinyo na doa la aliyeumia,
na sikuuliza hata siku moja ni la nani.
Najua kubadilisha shuka mtu akiwa bado kalala juu yake:
hili alinifunza mama, mwaka aliopooza,
kabla chuo hakijaniambia jina lake.

Na palikuwa na mzee, chumba kumi na saba.
Katoka mbali, kaja na wajukuu.
Kila alfajiri akishuka mwenyewe kwa ngazi ya nyuma
na shuka kaikunja ndogo kama barua,
imerowa.
Hatukuwa na lugha. Nikiipokea kwa mikono miwili
kama ipokewavyo sahani ya jirani,
nikimpa nyengine, kavu, bado ina joto la pasi.
Siku tisa. Wajukuu hawakujua, meneja hakujua.
Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Wasila hakuandika kitu.
Pampu ya jirani ikaguruma, ikavuta hewa, ikazimwa.
Kisha vidole vikashuka: "Kutunza siri za mgonjwa."

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgeni.
"Hospitali, Ami, ni kitu kimoja."

Labda.
Labda ndiyo maana nikakaa dawati moja
na watoto wa miaka kumi na tisa walioniita Babu Dripu,
usiku nikirudi kufua,
nikisoma mifupa ndani ya kelele za mashine,
mia mbili na sita,
nikiihesabu kwa vibanio vya nguo
hadi vibanio vikaniishia kwenye mbavu.

WADHAMINI. Watu watatu, na simu zao.
Nikamtaja mwalimu wa mazoezi, Kivunge.
Nikamtaja meneja, ambaye atashuhudia
kwamba katika miaka kumi na minne sikuiba taulo.
Wa tatu nilimjua, ila sina nambari yake
wala jina, na kwa umri ule
huenda keshatangulia.
"Tuache wazi?"
Muandike sheha, nikasema.
Yeye humjua kila mtu kwa karatasi.

Ukurasa mmoja. Wasila kaupeleka Kinyasini kuchapisha,
kaurudisha ndani ya mkoba, chini ya nyanya.
Asubuhi ulikuwa na makunyanzi kama aliyelala vibaya.
Sikumgombeza.
Nikatandaza kitambaa juu yake, nikashika pasi,
moto mdogo, wa hariri,
nikaupitisha taratibu kutoka jina langu mpaka kwa sheha.

Wino haukutoka.