Tundu la Kitenge

Walipoukata mkalitusi wa nyuma ya parokia
Murhula alinijia mbio, shati amelikunja mbele
kama mtu anayebeba mayai.
Ndani, makinda wawili wa mwewe.
Mmoja tayari baridi.
Wa pili, bawa likining'inia,
alinitazama kama mdai.
"Mama, si weye unatengenezaka bintu bya kuvunjika?"

Natengeneza miamvuli.
Hapa Kadutu, kwenye ngazi za soko,
mvua ndiyo bosi wangu: ikinyesha saa nane,
saa tisa nina foleni.
Ubavu uliopinda naunyoosha,
uliokatika naubadilisha kwa ubavu wa marehemu mwingine,
dakika ishirini, franka elfu moja, nenda.
Lakini bawa halina kipuri.
Mfupa mwembamba kama mrija wa soda,
ndani mtupu, hewa tu.
Nani alikijenga kitu hiki
akakipa kazi ya kubeba mwili juu ya mawingu?

Zihindula, muuguzi wa dispensari, alinipa bandeji
na ushauri, huku ananawa mikono:
Lifunge bawa kwenye ubavu wake mwenyewe, usikaze.
Halafu usimwoneshe uso wako.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akikujua, atakuamini. Akikuamini wewe,
atamwamini na mwenye manati.

Basi nikatundika kitenge, kile cha samawati
nilichovaa siku ya kumzika Ciza,
nikakitoboa tundu, upana wa kizibo cha chupa.
Kwa koleo ileile ninayokazia waya
nikapitisha sambaza mmoja mmoja,
vichwa kwanza, kila saa, toka alfajiri.
Sikuimba. Sikumpa jina.
Mimi niliyelea watoto watano kwa kelele
nikajifunza kupenda kama mwizi,
bila viatu, bila kikohozi.

Mwezi ulipopevuka na taa za wavuvi zikakosa kazi,
sambaza walipotea sokoni.
Murhula akaleta panzi kwenye chupa,
panya mmoja,
na mjusi ambaye sikuuliza alikotoka.

Mama Cibalonza, tunayepakana ukuta, anafuga kuku.
Alichungulia asubuhi moja, mswaki mdomoni:
"Unalisha mwizi, dada. Vifaranga vyangu
ndivyo vitakavyokulipa mshahara."
Nikamwambia ni kweli.
Sikuwa na jibu jingine. Bado sina.

Wiki ya tatu nikafungua bandeji.
Bawa lilikunjuka nusu, likasita
kama mwamvuli wenye kutu.
Nikajikuta natafuta mafuta ya cherehani.
Kisha, lenyewe, likafika mwisho.

Zikafuata siku za vishindo nyuma ya kitambaa,
kinyesi juu ya meza, manyoya ndani ya ugali,
na mimi gizani, jicho kwenye tundu,
nikihesabu: kutoka kiti hadi dirishani.
Kutoka dirishani hadi kabati.
Kutoka kabati, hewani, kuzunguka, kurudi kabatini.

Jumapili, kabla ya misa ya kwanza,
tulipanda na kikapu hadi pale mabati yanapoisha
na ziwa linaonekana lote.
Nilijifunga kitenge usoni, nikaacha macho tu.
"Mama, sasa mwizi ni weye," Murhula akasema.
Nikafunua kifuniko.
Akakaa kidogo kwenye ukingo, upepo ukimpima.
Akaondoka.
Hakugeuka hata mara moja.
Hilo ndilo nililoliomba kwa wiki saba,
na lilinichoma vilevile.

Alhamisi Mama Cibalonza alikosa kifaranga.
Labda ni yeye, labda ni mwingine,
huko juu hawavai namba.
Nikalipa elfu tatu bila ubishi.
Mvua ikaanza. Mteja akaninyoshea
mwamvuli uliogeuzwa na upepo ndani nje,
akauliza kwa nini fundi mzima
natazama juu huku nalowa.