Msumari wa Pili

Mwanasha alipokwenda Muheza kumkanda mzazi,
binti yetu Rukia, uzazi wa kwanza,
hakuniachia maagizo.
Alinitia ufunguo mkononi, akafunga mtandio, akasema:
"Nyumba unaijua."

Nyumba naijua!
Miaka ishirini na sita hapa Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Tano,
bati nimepigilia mimi, mlango nimeupaka rangi mimi,
nisiijue?

Siku ya kwanza niliacha kikombe juu ya redio.
Kikombe kimoja tu, cha chai ya rangi,
tangawizi imeganda chini.
Siku ya pili kikombe kikapata mwenzake.
Siku ya tatu sahani ikaja kuvitembelea,
na sisimizi wakaja harusini
wamejipanga mstari, hawakungoja kadi.

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa uchafu nao una kibaba chake,
na hujaa mtu kalala.

Wiki ya pili kiti kikawa kabati, kabati likabaki tupu.
Grisi ya minyororo ikahamia kitasani:
vidole vyangu kumi, vyeusi,
ushahidi wa kutosha kunifunga.

Jioni moja akaja Shekue, mjukuu wa jirani,
ametumwa mbuzi ya nazi.
Nikatafuta uvunguni, nikatafuta jikoni,
nikafunua ndoo, nikapekua hata begi la pampu.
Mtoto akanitazama, akanionea huruma,
akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa uwani.
"Hukaa hapa, babu."

Miaka sita anayo yule.

Kesho yake gereji, pale Makorora,
kijana wangu Mbelwa akaiacha spana kumi na nne mchangani.
Nikafoka kama kawaida yangu:
"Kila kitu na msumari wake!
Ukimaliza, rudisha! Kesho utaitafuta kwa tochi!"
Sauti ikazunguka kibandani, ikapita kwenye ringi,
ikanirudia mwenyewe.
Nikanyamaza. Mbelwa akadhani naumwa.

Usiku ule nikaihesabu misumari ya Mwanasha.
Wa ufagio wa chelewa. Wa kopo la kuchotea. Wa dekio.
Yote chini chini, usawa wa bega lake.
Bega langu limepita juu yake miaka yote hiyo
bila hata salamu.

Sikufanya makubwa.
Maji ya chai yanapochemka, naosha cha jana:
birika letu lina muda wa vikombe viwili na sahani moja,
nimelipima.
Nikienda uwani siendi mikono mitupu,
nikirudi vivyo hivyo.
Miguu naipangusa kabla mkeka haujanisema.
Sufuria naisugua na jivu, kwa kumbi,
papo hapo, ukoko haujapata kiburi.

Siku nyingine nilishindwa.
Ijumaa moja mpira ulikuwa Mkwakwani, nikarudi usiku,
nikalala na viatu.
Asubuhi nikaanza na kiatu cha kushoto.

Kazi hii haina mshahara wa sifa:
ukiifanya, haionekani;
usipoifanya, inaonekana mpaka Barabara ya Kumi na Sita.

Siku ya arubaini na moja akarudi,
ananukia mvuje na poda ya mtoto.
Akavua viatu. Akatazama sakafu, akatazama redio,
akapitisha kidole kitasani.
Mimi nimekaa kama mtahiniwa wa darasa la saba.
Hakusema kitu.
Akachota maji, akanywa, akalitundika kopo,
mkono ukabaki hewani.

Kando ya misumari yake palikuwa na msumari mpya,
shibiri mbili juu zaidi,
usawa wa bega langu,
na dekio langu, bado linadondoka.

"Wa nani huu?"
"Wangu."

Akainamisha kichwa, akaupima kwa jicho moja.
"Umepinda," akasema,
akaenda kubandika birika.
Nami, kabla halijachemka,
nikavifuata vikombe.