Kisigino

Pipa la kusugulia maganda ya risasi
Baba alilifunga kwa mnyororo kwenye meza, chini ya nyumba,
maana lilikuwa likitembea lenyewe, kama mlevi, mpaka ukingoni.
Ndani yake magunzi ya mahindi yaliyosagwa,
ya shamba letu wenyewe, akijisifu, Dakota yote haina gunzi kavu kama hili,
na maganda mia mbili ya shaba, meusi midomoni
kama watoto walioramba sufuria.

Liliwashwa saa mbili usiku. Lilizimwa alfajiri.
Ng'ombe anayetafuna kokoto: ndivyo Mama alivyoliita,
Verna Stenerud, ambaye kitanda chake kilikuwa juu yake sawia.
Baba hakulisikia.
Miaka arobaini ya kulenga shabaha bila kuziba masikio
ilimfungia mlango, na ufunguo ikautupa thelujini.
Sikio la kufa halisikii dawa,
wala mashine,
wala mke.

Basi Mama akagundua kisigino.
Alikipiga sakafuni, du, du, du,
na vumbi la dari likamwangukia Baba kwenye miwani.
Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya usiku:
yeye anatazama juu, anapangusa miwani,
anazima.

Machi tulimzika, ardhi ikiwa bado ngumu kama jiwe la kusagia.
Novemba nimekuja na zawadi:
beseni la umeme, la chuma, linalosafisha kwa sauti
isiyosikiwa na mtu yeyote, labda paka.
Nikamwandikia kwenye kijitabu chake: HALINA KELELE.
Akanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Akakata kipande cha foili, ile ya kuchomea viazi,
akakichovya majini kwa koleo, akahesabu hadi sitini.
Kikatoka kimetobokatoboka, jani lililopitiwa na viwavi.
Akakiinua mbele ya taa.
"Kumbe ipo," akasema, kwa lile sauti lake la kiziwi.
"Ipo kweli."

Tukaleta bunduki ya Mama, yenye kitako kilichofupishwa.
Chemba kwanza. Nikachungulia mimi: tupu.
Akachungulia yeye. Akaingiza kidole cha mwisho: tupu.
Komeo, springi, kifyatulio, vyote kikapuni;
mbao haziogi.
Weusi ukatoka kwenye komeo polepole, chai inapokolea,
vuli baada ya vuli ya kulungu aliowakosa na aliowapata.
Tukakausha. Tukapaka mafuta upesi,
kwani chuma kilichotakata hakina nguo,
na kutu haibishi hodi.

Maganda akayapokea moja moja, akiyageuza chini ya taa.
Hili limefyatuliwa mara nne. Hili, sita.
Hili shingo imepasuka, ufa mwembamba kama unywele:
koponi. Shaba nayo huchoka, akasema.
Tukanawa hadi viwiko, kwa maji baridi, kabla ya kugusa mkate.
Risasi ni jina moja, la madini na la kinachoua,
na madini hayana haraka.

Nikadhani nimemaliza kazi.
Nikadhani pipa litakwenda mnadani, pamoja na mnyororo wake.

Saa saba usiku, kwenye kitanda cha Mama,
nikamsikia ng'ombe.
Nikashuka ngazi kwa soksi, nikakomea katikati.
Hakukuwa na mlio wa shaba. Magunzi matupu
yalijizungukia, yakijisugua yenyewe kwa yenyewe.
Baba alikaa na kiganja juu ya meza, akiupokea mtetemo.
Miwani yake safi.
Alikuwa anatazama dari.

Nikarudi juu.
Nikasimama upande wa kitanda aliokuwa akilala Mama,
mguu mmoja sakafuni,
wa pili nimeuinua.