Kitabu cha Kaunta

Zamu ya usiku, kituo cha Mbale,
mwenye kalamu ni mimi.
Kuku kaibwa Namakwekwe: naandika.
Mke kapigwa, jino lake kiganjani
kama punje ya hindi: naandika.
Mlevi kampoteza mlevi mwenzake,
hilo nalo naliandika, na saa, na jina la baba.

Alfajiri navua buti ndani ya yuniporti,
kibanda cha bati, duara kama mkebe wa maziwa.
Wamimbi amelala nyuma ya pazia.
Napiga magoti kwenye saruji,
na kwa sauti ileile ya kaunta
namfungulia Mungu jalada:
mshahara umechelewa,
goti la Khainza limevimba tena,
karo ya mtoto bado nusu,
cheo nilichoahidiwa, mwaka wa tatu, kimya.
Amina. Sahihi. Tarehe.
Kisha nalala nimegeukia ukuta
kama mlalamikaji aliyeambiwa arudi kesho.

Ndipo akaja Wabuyi,
saa tisa usiku, mvua imemlowesha hadi mifukoni.
Namkumbuka. Jumanne aliripoti baiskeli:
fremu nyeusi, kengele imevunjika.
"Imepatikana, afande."
"Vizuri. Nenda ukalale."
Hakwenda.
"Siku ile uliandika imepotea.
Sasa andika imerudi."
Nikamwambia kitabu hakina safu ya mambo hayo.
Akakitazama kitabu kwa huruma,
kama mtu atazamavyo mtoto asiyelishwa.
"Nimetoka Namatala kwa miguu."
"Kwa miguu? Na baiskeli?"
"Nimemwachia aliyeniokotea. Asubuhi ana maziwa ya kupeleka."

Niliandika. Mkono mzito,
kama wa anayejifunza herufi.
Miaka kumi na minne wamelia mbele yangu;
wangapi walipata walichokitafuta, sijui,
maana aliyepata husahau njia ya kituoni.
Na mimi je,
kwenye kaunta ile nyingine
nilirudi lini mara ya mwisho?

Asubuhi hiyo nilipiga magoti, nikakosa la kusema.
Ulimi uliozoea kushtaki
hushukuru kwa kigugumizi.
Nikaanza na kilicho karibu.
Saruji, kwamba leo ni kavu.
Soli ya buti la kushoto, iliyomeza msumari wote
usiufikie unyayo.
Uji ambao Khainza huniachia chini ya sahani,
nami miaka yote nimeunywa kama haki yangu.
Karo, kwamba nusu imelipwa. Nusu!
Nusu hiyo nilikuwa nairipoti kama wizi.

Nilipofika kwa mdogo wetu,
aliyelala Bubulo chini ya mgomba,
sikushukuru.
Nimesikia maelezo mengi ya uongo kazini,
sikutaka kuongeza langu.
Nilinyamaza. Naye akanyamaza nami,
na kimya chake, kwa mara ya kwanza,
hakikuwa kimya cha ofisi iliyofungwa.
Baada ya muda nikasema:
alikuwa na jino moja.
Asante kwa lile jino.

Siku hizi nina daftari langu, la karatasi nyembamba.
Siandiki mengi. "Mvua ilisubiri nifike."
Siku nyingine nasinzia kabla ya herufi ya kwanza.
Goti la Khainza bado linavimba, na bado nalitaja,
nalitaja hata kwa ukali.
Ila naomba kama mtu anayejua
kwamba upande wa pili wa kaunta
kuna aliye macho.

Leo, saa kumi na moja na robo,
ukungu umeuachia mwamba wa Wanale,
na kule chini, barabara ya maziwa,
kengele iliyovunjika inakwaruza,
inajaribu kulia.
Nimeandika. Na saa.
Na jina la Baba.