Sindano Namba Kumi na Sita

Ilikuwa wiki ya kufungua shule.
Sketi arobaini na mbili za buluu
zilimngoja mama sebuleni, Jericho,
na sindano namba kumi na sita
ikashuka, ikakosa kitambaa, ikapata kidole.

Akakifyonza. Akakifunga kwa kipande cha bitana.
"Kidole hakiendi shule," akasema,
akakanyaga cherehani.

Jumatatu kilivimba.
Jumanne mstari mwekundu ulipanda hadi kiwiko,
umenyooka kama chaki ya fundi.
Jumatano adhuhuri, mabati yakialika kwa jua la Januari,
mama aliomba blanketi la pili
akaniita Mwakio.

Mwakio ni mjomba.
Mwakio tulimzika Wundanyi.

Nilidhani malaria. Nilidhani uchovu.
Nilimpa panadol mbili na chai ya tangawizi,
nikapoteza saa sita,
saa ambazo bado nazihesabu
nikipiga mswaki, nikipanga foleni ya maji.

Mbagathi, saa tatu usiku.
Sista Kerubo hakunisalimu.
Alimtazama mama anavyohema, akaitisha kitanda.
Presha imeshuka. Mkojo hautoki.
Daktari kijana, kalamu sikioni, aliniambia:
"Vijidudu vimeingia kwenye damu.
Mwili unapigana navyo, na katika kupigana unajibomoa."
Nikamfikiria mtu
anayechoma ghala kwa sababu ya panya,
na ghala ni mama.

Siku kumi na moja.
Kundi la ukoo kwenye simu likachanga:
mia mbili, "tuko pamoja," elfu moja, mia tano.
Shangazi Mkamburi aliuza mbuzi
asimwambie mumewe.
Usiku, wageni tukishafukuzwa wodini,
nilirudi kwenye nyumba isiyo na mtu
nikashindwa kulala,
nikaketi kwenye cherehani yake
na sketi zilizobaki.

Watu hudhani kurudi nyumbani ndiko kupona.
Walikuja na ndizi na soda,
wakaomba, wakapiga makofi, wakaenda zao.
Hawakuwepo saa nane za usiku
mama alipoona siafu ukutani.
Sikubishana.
Nilichukua ufagio
nikafagia ukuta mtupu
mpaka aliposema, "Basi, wameisha."

Nywele zilimtoka kwa mafungu.
Chumba kizima kilimwacha katikati ya sentensi:
anatafuta neno "sufuria," halipo,
anaonyesha kwa mikono umviringo wake,
anakasirika.
Nilimwogesha nikitazama dirisha.
"Hata mimi nilikuogesha," akasema.
"Sikutazama dirisha."

Kitanda hadi mlango: siku nne.
Mlango hadi kamba ya nguo: wiki tatu.
Kamba ya nguo hadi kwa Mama Ajwang'
anayeuza makaa, hatua sitini,
alifika hatua ya arobaini
akakalia ndoo ya mtu, akalia.
Mtoto mmoja akamletea maji kwa kikombe cha plastiki.
Akayanywa yote. Akasema twende, lakini nyumbani.

Kipimajoto nakilaza chini ya mto wangu.
Thelathini na saba nukta nne, naketi macho hadi alfajiri.
Namgusa paji akiwa usingizini.
Najua halali.
Anafumba macho ili nimguse.

Halafu, mwezi wa Aprili, akafungua kabati
akakuta sketi mbili ambazo shule haikuzichukua.
Akazisogeza dirishani. Akageuza pindo.
"Hii ni kazi ya nani?"
"Yangu."
"Na zile nyingine zilivaliwa na watoto wa watu?"
"Zilivaliwa."
"Maskini wee."

Akaketi. Akaomba wembe.
Kidole kile, kilichobaki kifupi kwa pingili moja,
kikajifunza upya kushika kitambaa
huku mkono wa kushoto ukifumua,
uzi baada ya uzi, wote niliouweka
usiku ule niliodhani namshonea sanda.

"Sogea huku," akasema. "Nitungie sindano.
Macho yangu bado hayajarudi."

Tulishona hadi stima ikapotea,
tukawasha mshumaa, tukaendelea.
Jioni hiyo
nilisahau kumpima joto.