Chumvi ya Vioo

Ufunguo wa hoteli ya Penha Alta umefungiwa kipande cha mti,
kizito kama pera bichi, mgeni asije akaondoka nao mfukoni.
Bwana Evaristo ananikabidhi kwa mikono miwili.
"Thelathini na moja. Ghorofa ya tatu. Lifti, samahani,"
na samahani yake imechakaa kuliko zulia:
ameitumia tangu lifti ilipogoma,
tukiwa bado tunalipa kwa eskudo.

Napanda ngazi.
Zulia la kahawia lina njia katikati
iliyochimbwa na visigino vya watu wa fungate.
Taa za vioo vya rangi ya chungwa: moja inawaka, mbili zimelala.
Mara ya mwisho kupita hapa nilikuwa na miaka sita,
nilitokea mlango wa nyuma,
nimebeba kopo la siki.

Chumba kinanuka unyevu na nta.
Bafu la waridi, beseni la waridi, choo cha waridi;
mtu fulani, mwaka sabini na mbili, aliipenda mno rangi hiyo
na hakuna aliyethubutu kumpinga.
Simu ya kuzungusha imekufa. Naizungusha hata hivyo.
Juu ya kitanda wametundika picha ya bahari,
inatazamana na dirisha lililojaa bahari,
na iliyopauka ni ile ya kwenye picha.

Roshani imefungwa mnyororo. Karatasi inasema:
HATARI. JABALI LINAMOMONYOKA.
Msimu uliopita iliondoka bustani,
zikaondoka ngazi za kushukia ufukweni,
na zile meza mbili za chuma za kunywea kahawa.
Bahari inameza meza.
Nalisema kwa sauti, hakuna wa kucheka.

Mama yangu, Deolinda, alifanya kazi hapa miaka kumi na tisa
na sidhani kama aliwahi kuiona bahari.
Aliipa mgongo akitandika.
Aliipa mgongo akisugua beseni.
Alipoigeukia, alikuwa na gazeti la jana mkononi
na macho yake yaliishia kwenye kioo,
akifuta chumvi.
Watu walivuka nchi nzima kuja kuitazama;
kwake ilikuwa uchafu unaorudi,
akiukwangua kwa ukucha pembeni mwa fremu,
akirudi nao nyumbani kwenye nyufa za vidole.

Usiku silali. Wimbi likipiga kule chini kabisa,
glasi ya mswaki inagonga kigae. Ti.
Nasubiri.
Ti.
Euro hamsini na nne, kifungua kinywa kimo,
ili nilalie mahali alipopiga makofi kila asubuhi
kuondoa umbo la mtu mwingine.

Yai la kuchemsha. Mkate. Jemu ngumu ya kukatwa kwa kisu.
Mume na mke kutoka Braga wanabishana kwa minong'ono
kama ule ni ukungu au ni mawingu,
na Evaristo, akimimina kahawa, anakataa kuamua.

Kabla ya kuondoka natandika kitanda.
Pembe nne, kila moja imekunjwa kama bahasha,
shuka limekazwa hadi sarafu ingeruka.
Mlango unabishwa. Ni Ivanilda, mzaliwa wa Mindelo,
sikio moja lina waya wa redio.
Anaitazama kazi yangu. Anaitazama saa.
"Dada, haya mashuka yanakwenda kufuliwa,"
na kwa mvuto mmoja anayavua yote,
bahasha zangu nne, miaka kumi na tisa,
chini, puu, kwenye zulia.

Hakukosea.

Kisha anakwenda dirishani na chupa yake.
Nusu moja ya kioo inang'aa; nyingine bado nyeupe,
na ninatamani aiache, sijui nimwambie kwa sababu gani.
"Chumvi ya hapa haina adabu," anasema.
"Ukiifuta leo, kesho imekutangulia kazini."

Namwuliza kama nimsaidie.
Ananipima kwanza, kuanzia viatu.
Halafu ananichania ukurasa wa michezo.